Fimbo ya gofu na slasha ya Ijumaa: maswali na majibu

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa kuhusu Harvey Penick, mwalimu wa gofu wa Austin, Texas. Alianza kama kedi (mbebaji wa fimbo za wachezaji) akiwa na miaka 8, akawa mwalimu mkuu wa Austin Country Club mwaka 1923, na alikuwa bado anafundisha siku chache kabla ya kufariki Aprili 1995 akiwa na miaka 90. Nilisema mbinu zake zinatufaa sana sisi wa Nakuru, Kisumu na Magharibi, kwa sababu hazidai mashine wala kamera. Barua zimekuja nyingi. Nimechukua zile ambazo naona zinawagusa wengi.

Mwalimu, nina miezi saba tangu nianze gofu. Kila usiku natazama video za mafunzo kwenye simu. Mmoja anasema nianze na kiuno, mwingine anasema mabega, wa tatu anasema nisiwaze mwili kabisa. Siku hizi nikisimama mbele ya mpira naganda. Nifanyeje? – Msomaji, Molo

Pole sana ndugu yangu. Weka simu kando mwezi mmoja. Waalimu hao wa video wengi wao wanajua kazi yao, lakini hakuna hata mmoja anayekuona wewe. Kila mmoja anamtibu mgonjwa mwingine, na wewe unameza dawa zote.

Penick alikuwa akiwaambia wanafunzi wake: nikikuambia umeze aspirini, tafadhali usimeze chupa nzima. Alikuwa amewaona wengi. Anamwambia mtu asogeze mkono wa kushoto kidogo tu, kesho yake mtu anarudi ameusogeza hadi umepinda, eti kidogo kikisaidia, kingi kitasaidia zaidi.

Kuna jambo lake jingine ambalo sichoki kulisimulia. Ben Crenshaw na Tom Kite walikulia klabu moja, wote wawili mikononi mwa Penick tangu utotoni. Hakumruhusu mmoja atazame somo la mwenzake. Alijua kwamba neno linalomponya huyu laweza kumharibu yule. Crenshaw alishinda shindano kubwa la Masters mwaka 1984 na tena 1995, Kite akashinda lile la US Open mwaka 1992, na swingi zao, yaani namna wanavyozungusha fimbo, hazifanani hata kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza nililipia somo mahali fulani, na kwa saa moja nilipewa mambo kumi na moja ya kukumbuka. Niliyaandika kwenye kiganja kwa kalamu. Kesho yake nilicheza mashimo tisa bila kuupata mpira sawasawa hata mara moja. Niliumia, kwa sababu pesa hiyo nilikuwa nimeiweka kwa miezi miwili.

Kwa hiyo chukua kazi moja tu. Chomeka tii (kijiti cha kuwekea mpira) ardhini bila mpira, chukua fimbo namba 7, na ujifunze kuikwangua tii hiyo ikitoka. Ukiweza mara tano mfululizo, weka mpira juu ya tii nyingine na ufanye vilevile, kana kwamba mpira haupo. Mwezi mzima usitafute kingine.

Uliandika kwamba mzee huyo aliwafundisha watu kwa kifaa cha kukatia magugu. Nimejaribu kufyeka nyasi nyuma ya nyumba kwa fimbo ya gofu, nimechimba shimo tu. Nimekosea wapi? – Mama mfanyabiashara, Kisumu

Asante mama kwa kujaribu, wengi husoma tu. Shimo lako linaonyesha kwamba fimbo uliitumia kama jembe: uliinua, ukaishusha kwa mabega. Tuiache fimbo kwanza, tuzungumze slasha.

Kumbuka Ijumaa za shule ya msingi. Uwanja umejaa nyasi za kufika magotini, slasha imezungushiwa vipande vya tyubu ya baiskeli kwenye mpini. Watoto wadogo wanazipiga nyasi. Wanakaza mkono, wanainua juu, wanashusha kwa hasira, na nyasi zinalala badala ya kukatika. Baada ya dakika kumi viganja vina malengelenge. Sasa mtazame yule kijana wa darasa la saba ambaye amefyeka tangu akiwa mdogo. Slasha inaning'inia mkononi mwake. Anairudisha nyuma bila haraka, anaiacha ishuke kwa uzito wake, makali yanapita karibu na udongo na kuendelea upande wa pili, na sauti yake ni moja tu: fyuu. Yeye hana habari na unyasi mmoja mmoja. Anapitisha slasha, na nyasi zimesimama njiani.

Hilo ndilo Penick alitaka. Aliwaambia wanafunzi wafyeke magugu kwa sababu mwendo ule wa makali kupita kwenye shina ndio mwendo wa fimbo kupita kwenye mpira. Mpira umesimama njiani tu. Ukiupiga, unakaza. Ukiupitia, fimbo inafanya kazi yake.

Kifaa chake kilikuwa na mpini mrefu wa kushikwa kwa mikono miwili, na slasha yetu ni fupi. Basi peleka slasha kuukuu kwa fundi wa jua kali, mwambie akuunganishie mpini unaolingana na fimbo yako na makali ayaache butu. Fyeka mbali na watoto na mifugo. Piga kwenda na kurudi, mara ishirini jioni.

Ukizoea, ongeza jambo moja ambalo Penick alilithamini kuliko karibu yote. Fimbo inapoanza kushuka, uzito unahamia mguu wa kushoto, na wakati huohuo kiwiko cha kulia kinarudi karibu na mbavu. Ni mwendo mmoja, havipokezani. (Anayetumia mkono wa kushoto ageuze maelezo yangu yote.) Alikuwa akiwafanyisha zoezi hilo polepole kupita kiasi: unapanda hadi juu, unaanza kushuka, kisigino cha kushoto kinakanyaga, kiwiko kinaingia, unasimama kabla ya kufika kwenye mpira. Unarudi juu. Baada ya mara tatu au nne unaiacha fimbo ipite yote. Wengi hulichoka zoezi hili siku ya pili kwa sababu halina mpira wa kutazama ukiruka. Usilichoke, mama. Unaweza kulifanya dukani, mteja akikawia.

Nikitumia draiva (fimbo ndefu ya kupiga mbali) mpira unaanza vizuri kisha unapinda kulia hadi kwenye miti. Nimejaribu kulenga kushoto, ndio unazidi. – Mwalimu wa sekondari, Kakamega

Anza na mikono. Penick aliamini kwamba mtu mwenye mshiko mbaya hapaswi hata kutamani swingi nzuri, na ukitafakari utaona ni kweli: ukishika vibaya, swingi nzuri itaupeleka mpira porini kila mara, kwa hiyo mwili unabuni kosa la pili ili kufidia la kwanza. Ndiyo maana watu hucheza miaka kumi wakiwa na makosa mawili yanayoshikana mikono.

Simama kama unayetaka kupiga, utazame mkono wa kushoto kutoka juu. Unaona vifundo vingapi vya vidole? Ukiona kimoja au usipoona hata kimoja, uso wa fimbo unafika kwenye mpira ukiwa wazi, yaani umeelekea kulia, na mpira unazunguka kuelekea kulia. Geuza mkono kulia kidogo hadi uone viwili au vitatu. Kidogo, nimesema: kumbuka aspirini. Na shika kama umebeba kifaranga mkononi, asitoroke na asiumie.

Kuhusu kulenga kushoto, umejiongezea dhambi. Ukisimama ukielekea kushoto, fimbo inakata mpira kutoka nje kuja ndani, na uso ukiwa bado wazi mpinde unakuwa mkubwa zaidi. Simama sawa, rekebisha mkono, usubiri wiki mbili.

Nikitoka Kisumu kuja kucheza Nakuru mpira unapita grini (nyasi fupi zenye shimo). Nibadilishe swingi? – Msomaji, Kisumu

Usibadilishe. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru takriban 1,850. Hewa ya huku ni nyepesi zaidi, mpira haupati upinzani mwingi, lakini tofauti yake kwa pigo la mita 150 ni kama mita 4 tu. Ukipita grini kwa mita 15, umebeba fimbo isiyofaa au umeshikwa na furaha ya safari.

Nilipata ajali ya pikipiki miaka mitatu iliyopita, mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti. Natembea kwa mguu bandia. Kabla ya hapo nilikuwa nacheza gofu kidogo. Kedi mmoja ameniambia swingi ni miguu, kwa hiyo nisahau. Je, ni kweli? – Msomaji, Kitale

Si kweli, na nimefurahi umeuliza, maana jibu lako lina jina: Ernest Jones.

Jones alikuwa mchezaji wa kulipwa Uingereza, klabu ya Chislehurst, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1916 alijeruhiwa vitani Ufaransa na akapoteza mguu wa kulia chini ya goti, kama wewe. Alipotoka hospitali alikwenda uwanja wa Royal Norwich akitumia mguu mmoja, akamaliza raundi kwa mapigo 83 (kwenye gofu, machache ndiyo bora). Muda si mrefu baadaye alicheza 72. Tafakari hayo. Wapo watu wenye miguu miwili na miaka ishirini uwanjani ambao hawajawahi kuiona 83.

Jambo hilo lilimshtua mwenyewe. Vitabu vya siku zile vilijaa miguu, magoti na viuno, naye alikuwa amecheza bila sehemu kubwa ya hivyo. Akaona kwamba alichokuwa nacho tangu mwanzo ni kuhisi kichwa cha fimbo kwa mikono, na mwili ulijitafutia mizani wenyewe. Alihamia Marekani, akafundisha miaka mingi New York, tena ndani ya jengo, bila uwanja. Virginia Van Wie, mwanafunzi wake, alishinda ubingwa wa wanawake wa ridhaa wa Marekani miaka mitatu mfululizo, 1932 hadi 1934. Jones alishikilia kwamba mabega, kiuno na miguu ni wafuasi wazuri sana, ila ukivifanya viongozi mambo yanaharibika.

Somo lake unaweza kulifanya leo sebuleni. Chukua hanchifu na kisu kidogo cha kukunja kilichofungwa makali yake ndani. Funga kisu kwenye pembe moja ya hanchifu, shika pembe iliyo mkabala, kisha kibembeze kisu huku na huku. Kiswahili kimekurahisishia hapa, kwa sababu neno ni lilelile la bembea ya mtoto kwenye mwembe: kamba huvutwa, haisukumwi. Ukibembeza sawa, hanchifu inabaki imenyooka njia nzima. Ukijaribu kulazimisha kwa mkono au bega, hanchifu inalegea na kujikunja, na kisu kinaanguka ovyo. Sasa shika fimbo pamoja na hanchifu ile na ubembeze vyote viwili. Fimbo ikitangulia na hanchifu ikalegea, umesukuma. Jones alitumia kitambaa kwa sababu kitambaa hakiwezi kudanganya, ilhali fimbo ngumu inaficha kosa.

Anza ukiwa umekaa kwenye kiti, bila miguu kabisa. Kisha simama ukiwa na ukuta karibu. Umwulize aliyekutengenezea mguu kuhusu kuzunguka juu yake, kwa sababu tundu la mguu bandia likikuchubua utakaa nyumbani mwezi mzima. Ukifika uwanjani, chukua fimbo fupi na nusu swingi. Na huyo kedi usimkasirikie, alikuambia alichoambiwa. Mwonyeshe hanchifu.

Nahitaji fimbo ngapi kuanza? – Msomaji, Eldoret

Kanuni zinaruhusu 14 kwenye mfuko. Wewe nunua nne za mtumba: namba 7, namba 9, moja ya kutoa mpira mchangani na moja ya kuusukumia shimoni. Penick mwenyewe alipenda mwanafunzi afanye mazoezi mengi kwa fimbo moja hadi aiamini. Draiva itakungoja.

Binti yangu ana miaka minane, anataka kujifunza. Nimwanzishie renji (uwanja wa mazoezi ya kupiga mbali)? – Baba, Nakuru

Hapana, baba. Mwanzishie shimoni. Penick aliwataka watoto wajifunze kutoka kwenye shimo kurudi nyuma: kwanza kuusukuma mpira ukiwa hatua moja, kisha mbili, kisha ukingoni mwa grini, kisha mbali kidogo. Mtoto anayeanza kwa kusikia mpira ukidondoka ndani ya kikombe anajua tangu siku ya kwanza mchezo unatafuta nini. Anayeanza na draiva anajifunza nguvu, halafu miaka inayofuata unalipa pesa ili aisahau.

Na usimfundishe maneno mengi. Mwambie achague mahali padogo pa kulenga, unyasi mmoja mdomoni mwa shimo, asiwaze kingine. Siku zake za mwisho Penick alikuwa hawezi kutoka kitandani, lakini Crenshaw alipomtembelea akitatizika kusukuma mipira, mzee aliomba aletewe fimbo amtazame akiwa palepale kitandani. Crenshaw alisaidia kubeba jeneza lake Jumatano, na Jumapili hiyohiyo, 9 Aprili 1995, alishinda Masters. Somo la mwisho lilikuwa la grini.

Mpeleke binti alasiri, jua likishapoa, wakati wachezaji wamepungua. Mipira mitatu inatosha. Akianza kucheza na wadudu, mmefika mwisho wa somo, rudini nyumbani. Na siku hiyo ya kwanza fimbo ndefu ziache ndani ya gari.