Atachimenti (mafunzo ya kazini) ya kufundisha drama: watoto ama matineja?
Dadangu umeuliza usaidie darasa la watoto ama la matineja, mie nakwambia omba yote mawili. Mie nilianza na wadogo wa miaka 6 huku Likoni, Mombasa, yani skripti weka kando kabisa, waambie wako kwa feri inayumba, mmoja nahodha, mwengine mama wa mahamri anashikilia beseni lisimwagike, utaona hata yule mkimya kabisa anaanza kupiga kelele, wallahi raha. Matineja sasa wanaogopa kuchekwa na wenzao, siku ya kwanza usimsimamishe mtu peke yake, waanze wawili wawili. Na ukiweza ingia Januari, mazoezi ya tamasha la drama la shule za Kenya yanakuwa yamepamba moto, fainali za taifa kawaida huwa Aprili. Majina yao yashike mapema.