Ada ya ritani ngumu: maswali yenu kutoka Nyanda za Juu Kusini

Nina mteja wa mbao mwenye malori, mashamba ya miti na nyumba za kupangisha. Mwaka jana, kwa kumwandalia ritani (taarifa ya kodi), nilimtoza sawa na mwenye duka moja. Sasa nitumie kigezo gani? (Mhasibu, Mafinga)

Usianzie kwenye mauzo yake, anzia kwenye karatasi. Kabla hujataja bei, alete kila kitu mezani: taarifa za benki, risiti za EFD (mashine za kodi), mikataba ya wapangaji, malipo ya vibarua. Zipitie kwa saa moja hivi. Biashara ya mbao ina mapengo mengi: miti hununuliwa kwa mkulima asiye na mashine, wapasuaji hulipwa taslimu huko huko msituni, na dizeli ya lori la mizigo huchanganywa na ya gari la nyumbani. Kila pengo litakula muda wako.

Kisha igawe kazi: kupanga vitabu, kufunga hesabu, kukokotoa kodi, kujaza ritani, na kusimama na mteja Mamlaka ya Mapato (TRA) wakimhoji. Kila kipande kikadirie saa zake na bei yake. Kupanga vitabu kusimame peke yake kwenye ankara, maana hapo ndipo wengi wetu tunapofanya kazi ya bure. Mteja akiona risiti za miezi 12 zilizojaa kwenye kiroba zimemgharimu kiasi gani, mwakani atazileta zimepangwa.

Mteja anataka anilipe asilimia 10 ya kodi nitakayompunguzia. (Tunduma)

Kataa. Ukilipwa kwa kodi inayopungua, utaanza kuona gharama zisizokuwepo. Ukaguzi ukija baadaye, kodi iliyokwepwa pamoja na riba vitamwangukia yeye, na wewe ada umeshakula. Kama ndiye unayekagua hesabu zake, maadili ya taaluma yetu yanakataza malipo ya namna hiyo kabisa.

Mshauri mmoja kaniambia laki tatu, mwingine milioni moja. Nani ananiibia? (Mfanyabiashara, Mwanjelwa, Mbeya)

Huenda hakuna. Waulize kilichomo ndani ya bei. Makadirio ya kodi ya mwaka, yanayopelekwa TRA Machi, yamo? Ritani za VAT (kodi ya ongezeko la thamani), zinazotakiwa kila mwezi kabla ya tarehe 20 kupita, zimo? Kama una kampuni, uliza pia ni mhasibu gani aliyesajiliwa NBAA (bodi ya wahasibu) atakayethibitisha ritani yako. Anayekwepa swali hilo muache, hata akikufanyia kwa elfu hamsini.

Kampuni imenilipa ada pungufu kwa asilimia 5. (Iringa)

Hiyo ni kodi ya zuio, yaani kodi yako ambayo anayekulipa huikata na kuipeleka TRA. Dai cheti chake, utakitumia kupunguza kodi yako mwenyewe.

Mteja analeta mafaili tarehe 25 Juni. Naruhusiwa kuongeza bei? (Njombe)

Ndiyo, ilimradi alijua mapema. Kwa anayefunga mwaka Desemba, siku ya mwisho ya ritani ya mapato ni 30 Juni. Barua ya makubaliano mnayosaini mwanzoni mwa mwaka itaje tarehe ya kuleta mafaili na nyongeza ya kuchelewa. Sheria inaruhusu kuomba muda zaidi wa kuwasilisha ritani, ila ombi liende kabla ya siku hiyo, na muda huo hausogezi tarehe ya kulipa kodi. Aliyecheleweshwa na msiba au ugonjwa mfanyie kwa bei ile ile ya kawaida.