Baba Mtarajiwa: Kazi Zako Kabla ya Wiki ya 36

Mkeo akishapima na mistari ikawa miwili, mkono wa baba huenda moja kwa moja mfukoni: kitanda cha mtoto, beseni lenye picha ya bata, viatu vya kichanga ambaye hatatembea kwa mwaka mzima. Ngoja kwanza. Mtoto hana habari na kitanda. Kinachomaliza akina mama na vichanga ni kuchelewa, na wakunga hugawa kuchelewa huko sehemu 3: kuchelewa kuamua kwenda kituoni, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa mkishafika. Karibu kila kazi ya baba katika miezi hii ni kupunguza mojawapo ya sehemu hizo. Nyingi ziwe zimekwisha wiki ya 36, maana kuanzia wiki ya 37 mtoto anaweza kuja siku yoyote, na wapo wasiosubiri hata hiyo.

Anza na tarehe. Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, kisha miezi 9. Hedhi ikianza 10 Januari, matarajio ni 17 Oktoba. Hesabu hii ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Mwenye mzunguko mrefu, au asiyekumbuka tarehe, apigwe utrasaundi kabla ya wiki ya 24, kwa sababu kadiri mimba inavyokua ndivyo kipimo hicho kinavyozidi kukosea umri wake. Na tarehe yenyewe si miadi. Uzazi wa kawaida huangukia popote kati ya wiki ya 37 na ya 42, kwa hiyo baba anayekubali safari ya kikazi wiki ya 38 kwa hoja kwamba "bado siku 14" anacheza kamari.

Kliniki ya kwanza iwe kabla ya wiki ya 12, na mwende wawili. Mara nyingi wenza waliokuja pamoja huhudumiwa mapema, lakini sababu kubwa ni vipimo: VVU na kaswende hupimwa wote. Kumtibu mama kaswende huku baba hajatibiwa ni kazi bure, anaweza kuambukizwa tena kabla hajajifungua. Baada ya hapo jifunze kusoma kadi yake, usiishie kuuliza "wamesemaje?" Tazama vitu 4. Presha: ikifika 140/90 si ya kuachia hadi kliniki ijayo. Wingi wa damu: chini ya 11 ni upungufu. Mkojo: protini ikionekana pamoja na presha kupanda, huo ni mlango wa kifafa cha mimba. Cha 4 ni kundi la damu pamoja na alama yake, chanya au hasi. Mama akiwa hasi na wewe chanya, uliza mapema kuhusu sindano ya anti-D, inayozuia mwili wa mama kuishambulia damu ya mtoto. Hutolewa karibu wiki ya 28, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua kama mtoto ni chanya. Haipatikani kila duka la dawa, na kuanza kuitafuta siku ya uzazi ni kuchelewa.

Vidonge vya kuongeza damu ndivyo vinavyoongoza kwa kutupwa chini ya godoro. Vinachafua tumbo, na choo huwa cheusi. Huo weusi ni madini ya chuma tu, hauna madhara. Kosa la kawaida ni kuvimeza na chai. Chai na kahawa huzuia chuma kisiingie mwilini, hivyo mwanamke anaweza kumeza kila siku na damu isipande. Ameze kwa maji, na chungwa au ukwaju ukiwepo ni vizuri zaidi, chai ije baada ya saa 1 au 2. Akianza kutamani udongo, usimcheke wala usimnunulie: mwambie nesi, maana hamu hiyo mara nyingi huandamana na upungufu wa damu, na udongo wenyewe huweza kuleta minyoo. Dawa za kuzuia malaria huanza baada ya miezi 3 ya mwanzo, hurudiwa kila mwezi, na zisipungue dozi 3. Chandarua cha kliniki kitundikwe usiku huohuo. Kinachohifadhiwa kabatini "mpaka mtoto aje" hakimkingi mtu.

Sasa mahali pa kujifungulia. Usichague kwa umaridadi wa jengo. Uliza maswali 2: je, wanafanya upasuaji usiku? Je, wana damu? Zahanati haina vyote hivyo, na kwa mimba isiyo na tatizo si kosa kwenda huko, alimradi unajua hospitali ya rufaa iko umbali gani. Lakini mama aliye chini ya sentimita 150, mwenye mimba ya kwanza akiwa amepita miaka 35, mwenye mapacha, au ambaye presha imeshasumbua, apangiwe hospitali tangu mwanzo. Kisha uupime mwendo wenyewe. Toka nyumbani saa 8 usiku siku moja uone barabara ilivyo, ni geti gani liko wazi, na mapokezi ya wazazi yako upande gani. Chukua namba za madereva 2 wa bajaji au teksi wanaolala jirani. Mmoja lazima simu yake itakuwa imezimwa. Bodaboda iwe ya mwisho kabisa. Na kwa dharura, Tanzania kuna mfumo wa m-mama: unapiga 115 bila malipo na usafiri unatafutwa. Iandike namba hiyo mlangoni kwa kalamu nene, kwa sababu siku ya tukio huenda wewe usiwepo, akapiga shemeji.

Damu inastahili aya yake, maana hapa ndipo kuchelewa kwa tatu kunapozaliwa. Tafuta ndugu 2 au 3 walio tayari kuchangia: umri miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na mwanaume awe amepitisha miezi 3 tangu achangie mara ya mwisho. Damu ya mchangiaji haitoki mkononi mwake kwenda moja kwa moja kwa mgonjwa. Hupimwa kwanza magonjwa, na hilo lina muda wake. Ndugu anayeitwa wakati mama tayari anavuja damu amechelewa hata akija mbio. Wachangie mwezi wa 8, nawe uulize benki ya damu ya hospitali inavyoweka kumbukumbu.

Huduma ya wajawazito katika vituo vya serikali kisera ni bure. Kiutendaji, vifaa hupungua, na utaambiwa ununue. Kaa na nesi wa kliniki upate orodha ya kituo chenu, maana hutofautiana. Ya kawaida ni hii: mpira wa kutandika kitandani mita 2, glovu za upasuaji jozi 4 hadi 6, pamba kubwa ya gramu 500, nyembe mpya 2, vibanio vya kitovu 2, kanyula (kimrija cha kuingizia dripu mshipani), seti ya dripu, mabomba ya sindano, sabuni, beseni na ndoo. Za mama ni khanga doti 3, yaani vipande 6, ziwe kuukuu na safi kwa sababu khanga mpya haifyonzi. Pedi kubwa pakiti 2, gauni linalofunguka mbele, chupa ya chai, kikombe. Za mtoto: nepi za kitambaa dazeni 2 zilizofuliwa, zikaanikwa juani na kupigwa pasi, kofia 2, soksi, fulana, shuka la pamba na blanketi. Pampasi za saizi ndogo nunua pakiti 1 tu, atazipita upesi. Kadi ya kliniki, kadi ya bima kama ipo, na fedha taslimu za noti ndogo zikae mfuko wa nje. Begi likae karibu na mlango, na watu 2 zaidi yenu wajue lilipo.

Siku ikifika, kosa la baba wa kwanza ni kukurupuka. Uchungu wa uongo hutulia mama akitembea au akilala, wa kweli huzidi na kukaribiana. Shika saa: hesabu tangu uchungu mmoja unapoanza hadi mwingine unapoanza. Ukija kila dakika 5, ukidumu karibu dakika 1, na ukaendelea hivyo kwa saa 1, ondokeni. Mkiwa mbali msingoje kiasi hicho. Chupa ya uzazi ikipasuka nendeni hata kama hakuna uchungu. Andika saa na utazame rangi: maji ya kijani yana maana mtoto kajisaidia ndani, mwambie mkunga neno hilo la kwanza kabisa. Damu kutoka, kichwa kuuma kupita kiasi, macho kuona ukungu, degedege, homa, au mtoto kuacha kucheza: hapo hakuna kuhesabu dakika, wala kumpigia mama mkwe kuomba ushauri. Dawa za kienyeji za "kuongeza uchungu" zikatae kwa adabu lakini kabisa. Hubana kizazi bila kipimo, na kizazi huweza kupasuka.

Hospitali nyingi za umma baba haingii leba, kwa kuwa vitanda viko chumba kimoja na wanawake wengine. Uliza mapema kama ndugu wa kike anaruhusiwa kukaa naye. Wewe kaa nje, simu ina chaji, usiende "kupumzika kidogo" mtaa wa pili. Ukiambiwa njia imefunguka sentimita 5, jua kwamba kwa mimba ya kwanza safari iliyobaki inaweza kuchukua hadi saa 12. Ukimya huo si lazima uwe uzembe wa mtu.

Mtoto awekwe titi ndani ya saa 1. Yale maziwa ya njano ya mwanzo, dang'a, yasikamuliwe yakamwagwa. Kijiko cha maji, sukari guru, maji ya tumbo, vyote ngojeni miezi 6. Nyumbani wewe ndiye askari wa hili, kwa sababu mama aliyechoka hawezi kubishana na bibi 3. Ananyonya mara 8 hadi 12 kwa siku. Kuanzia siku ya 5 nepi 6 zilizolowa zinaonyesha maziwa yanatosha. Kupungua uzito wiki ya kwanza ni kawaida, ila isizidi asilimia 10. Kitovu kikae kikavu, bila majivu, mafuta wala mate. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kumpasha mzazi moto: hewa yake ya sumu haina harufu. Na mama akilowesha pedi nzima ndani ya saa 1, akipata homa, au huzuni ikimkaa zaidi ya wiki 2, rudini kituoni.

Ukiwa mwajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa angalau siku 3 za likizo yenye malipo, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Kenya ni wiki 2. Siku 3 ni chache mno, kwa hiyo tunza za likizo ya mwaka uziunganishe, na barua uipeleke mapema, tarehe ikiandikwa "inayotarajiwa". Mkeo atoe taarifa kwa mwajiri wake angalau miezi 3 kabla.

Msiondoke wodini bila chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio, wala bila tangazo la kizazi. Usajili ufanyike ndani ya siku 90. Hapo mezani usimwachie karani aandike alivyosikia. Toa kitambulisho chako cha NIDA, majina yako yanakiliwe herufi kwa herufi, kisha usome karatasi yote kabla hujashukuru, maana "Mohamed" ikigeuka "Mohammed" leo, itakurudisha kwenye foleni siku mtoto anapoombewa pasipoti.