Silikanti hangojei mvua

Swali lenu la wiki hii, kwamba ni samaki au mdudu gani wa ajabu, aliye hai kweli duniani, angefaa kuongezwa katika mchezo wa video, limenigusa mahali ambapo pengine hamkukusudia. Wadudu nawaachia wasomaji wa Bukoba, ambao senene wao wanawatosha. Mimi ni mtu wa Tanga, na samaki ambaye ningemtaja, silikanti, amekwisha kuwamo. Katika Animal Crossing: New Horizons, mchezo wa Nintendo uliotoka mwaka 2020, mchezaji husimama ufukweni, akatupa mshipi, na mvua ikiwa inanyesha anaweza kumpata, kisha akampeleka makumbusho au akamuuza kwa sarafu 15,000 za mchezo huo. Kinachonikera ni hiyo mvua. Samaki anayeshinda mapangoni, mara nyingi zaidi ya mita 100 chini ya maji, mvua ya huku juu inamhusu nini?

Mimi nimemwona. Mwaka 2004, nikiwa darasa la tano, nilikuwa Kigombe, kijiji cha pwani ya Tanga, kwa babu mzaa mama, na asubuhi moja mashua iliyokuwa imelala baharini na jarife, wavu wa kuvulia papa, ikarudi na samaki aliyenizidi urefu. Walimlaza mchangani juu ya gunia. Nahodha alishikilia kuwa ni aina ya chewa; babu, aliyevua tangu ujana wake, alimzunguka mara mbili bila kutamka neno, kisha akakataa, akawaonyesha mapezi yaliyoota juu ya vikono vya nyama na mkia uliokuwa na kimkia kingine katikati yake. Jua lilivyozidi kupanda, buluu yake yenye mabaka meupe ilififia ikawa kahawia, na mafuta yakachuruzika hadi gunia likalowa. Niliambiwa nisimguse, nami nikamgusa: pezi la ubavuni lilipinda mkononi mwangu kama kiwiko cha mtoto. Mchuuzi mmoja alimtazama, akamgeuza kwa mguu, akaenda zake. Babu alimwambia nahodha, "Huyu mngemwacha huko huko," naye nahodha akajibu kwa heshima kwamba alipopandishwa alikuwa amekwisha kufa.

Baadaye nilisoma kwamba wataalamu waliamini ukoo wake ulitoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, mpaka Desemba 1938, mmoja alipovuliwa Afrika Kusini na Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya huko, akamtambua kuwa si samaki wa kawaida. Huku kwetu hifadhi ya bahari yenye jina la silikanti ilianzishwa mwaka 2009.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kudai kwamba watengenezaji wamrekebishe: avuliwe usiku, kwa jarife, kama alivyovuliwa kwetu. Sasa sina hakika tena na dai hilo. Uchunguzi wa magamba yake uliotangazwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba huweza kuishi karibu miaka 100, na kwamba jike hubeba mimba kwa muda wa miaka 5 hivi. Yule wa Kigombe huenda alimzidi babu umri, na mimi nilikuwa nikiomba kwamba watoto wafundishwe kumtegea wavu.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba aondolewe kabisa katika orodha ya samaki wa kuvuliwa, awe wa kufuatwa kwa kupiga mbizi usiku na kutazamwa tu. Nalisema hili nikijua kwamba mpwa wangu, anayeishi Dar es Salaam, alimjua silikanti kwa kumvua katika mchezo huo, na ndipo aliponipigia simu kuniuliza kama ni kweli yupo Tanga. Tulizungumza karibu saa nzima. Kama kumwondoa kutawanyima watoto wengine swali hilo, basi abaki kwenye mshipi, ila hiyo mvua waiondoe.