Kwa nini EMD na GE hazingurumi sawa

Tofauti unayoisikia kati ya vichwa vya treni vya EMD na vya GE, kampuni mbili za Marekani, inatokana na mipigo ya injini, yaani pistoni kupanda na kushuka. Injini ya EMD 645, iliyoanza 1965, ni ya mipigo miwili: kila silinda inawaka katika kila mzunguko wa krankishafti (shafti kuu ya injini), kwa hiyo mngurumo unaungana. Injini ya GE 7FDL ni ya mipigo minne, silinda inawaka mara moja kwa mizunguko miwili, na ikiwa sailensa (inanguruma taratibu bila kuvuta) unasikia kila mlipuko peke yake. Sikiliza U26C, kichwa cha GE cha Reli ya Kenya, ikipanda mlima na mzigo, raha tupu! Ule mluzi mkali wa EMD ni turbo, feni inayosukuma hewa ndani ya injini: mwanzoni huzungushwa kwa gia, kisha moshi ukipata nguvu ndio unaoisukuma.