Kabla na Baada ya Kupasuliwa Nyuzi za Sauti: Ushauri kwa Wanaoishi kwa Kusema

Mtu ambaye sauti yake imepwelea kwa zaidi ya wiki tatu anahitaji jambo moja kabla ya dawa nyingine yoyote, nalo ni daktari wa masikio, pua na koo azitazame nyuzi zake za sauti kwa macho. Ninalitanguliza hili kwa sababu mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika viunga vya Kisumu, na siku za Jumamosi huwa mfawidhi wa harusi na matanga, na katika kazi zote mbili nimekutana na watu waliotumia tangawizi, ndimu, mayai mabichi na antibiotiki za kununua dukani kwa miezi kadhaa, bila mtu yeyote kuwahi kuchungulia mahali penyewe penye tatizo.

Lipo pia shauri la kukata kimeo, ambalo nililipata kutoka kwa shangazi yangu mwenye nia njema kabisa sauti yangu mwenyewe ilipopwelea, kabla sijapasuliwa. Nilimjibu kwa heshima kwamba kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, ilhali nyuzi za sauti zimo chini zaidi, ndani ya kikoromeo, yaani kile kisanduku cha gegedu kinachotuna mbele ya shingo, na kwamba anayekatwa kimeo kwa wembe hujitafutia kuvuja damu na maambukizi bila nyuzi zake kufikiwa. Hata asali na chai ya tangawizi hazifiki huko, kwa kuwa tunachokimeza hupita katika umio, nyuma ya kikoromeo, na tone moja likipotea njia tunakohoa mpaka machozi yatutoke. Vitu hivyo hutuliza koo, na kwa mgonjwa hilo si jambo dogo, lakini haviondoi uvimbe.

Uchunguzi wenyewe hauna cha kuogopesha. Daktari hupuliza dawa ya ganzi puani, akapitisha kamera nyembamba kuliko penseli, kisha akamtaka mgonjwa atamke irabu na kuivuta. Nyuzi hizo ni mikunjo miwili midogo, yenye urefu wa kati ya sentimita 1 na 2.5 kwa mtu mzima, nayo hukutana na kuachana zaidi ya mara 100 kwa sekunde mwanamume anapozungumza, na karibu mara 200 kwa mwanamke. Jicho haliwezi kuifuata kasi hiyo, na kwa hiyo baadhi ya kliniki hutumia taa inayomweka kwa vipindi ili mtikisiko uonekane polepole. Ukipata nafasi ya kuchunguzwa kwa taa hiyo, usiiache, kwa sababu huonyesha ugumu na makovu ambayo mwanga wa kawaida huweza kuyaficha. Hunifurahisha, nikiwa mwalimu, kukumbuka kwamba mwaka wa 1854 aliyetumia kioo kidogo na mwanga wa jua kuziona nyuzi zake mwenyewe zikifanya kazi hakuwa daktari bali mwalimu wa uimbaji, Manuel García.

Kinachoonekana ndicho huamua kila kitu kinachofuata, na hapa ndipo ninapowasihi wenzangu wasiridhike na jibu kwamba "kuna kauvimbe." Vinundu hutokea pande zote mbili, mahali nyuzi zinapogongana zaidi, na huwapata sana walimu, waimbaji na watoto wapiga kelele, hivi kwa kawaida hupungua kwa kubadilisha namna ya kutumia sauti, chini ya uangalizi wa mtaalamu wa usemi, na kukimbilia kisu ni kuruka hatua. Polipu, yaani kinyama laini kinachoota juu ya uzi wa sauti, mara nyingi huwa upande mmoja, na huweza kuanza pale mshipa mdogo wa damu unapopasuka mtu anapopaza sauti. Ikishakomaa, aghalabu huhitaji kuondolewa. Wavutaji sigara wa muda mrefu hupata nyuzi zilizojaa majimaji, na kwao upasuaji usioambatana na kuacha sigara huwa na faida ya muda tu. Kuna pia vioteo vinavyosababishwa na kirusi cha papiloma, hasa aina ya 6 na ya 11, ambavyo hurudi hata baada ya kuondolewa na humlazimu mgonjwa kupasuliwa tena na tena. Mtoto mwenye sauti ya kukwaruza inayozidi na pumzi yenye mlio asichukuliwe kuwa na pumu mpaka kikoromeo chake kitazamwe. Kifua kikuu nacho huweza kukaa katika kikoromeo, na ndiyo sababu nilipimwa makohozi kabla ya jambo lingine. Na kuna saratani, ambayo sigara na pombe ndizo huichochea zaidi. Ikigunduliwa mapema kwenye nyuzi zenyewe, huweza kutibiwa kwa mionzi au kwa upasuaji mdogo na mgonjwa akabaki na sauti yake, lakini ikicheleweshwa, huenda kikoromeo kizima kikaondolewa na mtu akapumua kupitia tundu la shingoni maisha yake yote. Maumivu yanayopanda hadi sikioni, shida ya kumeza, uvimbe shingoni au damu katika makohozi havingoji hata hizo wiki tatu.

Changu kilikuwa polipu ya upande wa kushoto. Daktari aliniandikia kwanza mazoezi ya sauti na dawa ya kiungulia, na ilipobainika kwamba polipu haisinyai tukakubaliana kuhusu upasuaji. Kabla ya kutia sahihi nilimuuliza maswali ambayo ningependa kila mgonjwa aulize: ni uvimbe wa aina gani, ni nini kitatokea nikiuacha, ameondoa uvimbe wa namna hiyo mara ngapi, atatumia vifaa vya kukata au leza, nitanyamaza kwa muda gani, na kipande kitakachotolewa kitapelekwa maabara gani. Swali la ustadi si utovu wa adabu. Chini ya ngozi nyembamba ya nyuzi kuna tabaka laini sana, na chini yake kuna kano na misuli. Mpasuaji anayebaki juu juu huiachia sauti uhai wake, ilhali anayekata kwa kina huacha kovu gumu ambalo hakuna dawa inayolilainisha kikamilifu. Ikiwa uvimbe uko pande zote mbili karibu na pembe ya mbele, pale nyuzi zinapoungana, usishangae daktari akitaka kufanya upande mmoja kwanza na mwingine baadaye, kwani vidonda viwili vinavyotazamana huweza kushikana vinapopona.

Kwa watu wa kwetu, Kisumu kuna Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi bado huiita Russia, Eldoret kuna Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, na Nakuru kuna hospitali ya rufaa ya kaunti, na zote hushughulikia maradhi ya masikio, pua na koo. Jambo la bima liulizwe mapema na jibu lake lipatikane kwa maandishi, hasa baada ya SHA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima ya afya, kuchukua nafasi ya NHIF mwaka wa 2024, maana kulala hospitalini, upasuaji, kipimo cha maabara na vikao vya mtaalamu wa usemi huenda visilipiwe kwa utaratibu mmoja.

Siku ya upasuaji yenyewe ina machache ya kusimulia. Mgonjwa hali chakula kwa saa 6 kabla ya nusukaputi, hutaja meno yanayolegea, meno ya bandia na dawa zote anazotumia, hasa za kuyeyusha damu, kisha hulala. Hakuna mahali panapochanwa shingoni, kwa sababu bomba la chuma huingizwa kupitia kinywa, hadubini ikasimamishwa mbele yake, na mpasuaji akafanya kazi kwa mikasi na koleo ndefu. Niliamka nikiwa na koo linalowasha, shingo iliyokakamaa na ulimi wenye ganzi upande mmoja kutokana na kukandamizwa na lile bomba. Ganzi hiyo kwa kawaida huisha yenyewe. Mate yenye michirizi ya damu siku ya kwanza hayatishi. Kushindwa kupumua vizuri, damu nyingi au homa ni sababu ya kurudi hospitalini mara moja, hata kama ni usiku.

Kazi kubwa ilikuwa kunyamaza. Madaktari hawakubaliani kuhusu muda wake, wengine wakitaka siku chache na wengine wiki moja au zaidi, nawe ufuate muda uliopewa na aliyekupasua. Katika jamii zetu, ambamo mtu asiyeitika salamu huhesabiwa kuwa mwenye kiburi au mwenye kinyongo, ukimya huu hauwezekani bila maandalizi. Mke wangu aliwapitia majirani na viongozi wa kanisa kabla ya siku yenyewe akawaeleza, simu nikamkabidhi binti yangu, nami nikavaa kadi iliyoandikwa kwa Kiswahili na Kijaluo kwamba nimepasuliwa koo na siruhusiwi kusema. Mama mkwe hakuridhika na kadi hata kidogo, kwa hiyo nilimwinamia na kumshika mkono kwa mikono yote miwili, na mke wangu akaizungumza salamu yangu kwa niaba yangu. Wageni waje wachache. Anayekuja kukupa pole kwa kawaida hutaka kusikia habari kutoka kwako, na wewe utashawishika kumnong'oneza.

Usinong'one. Wengi hudhani kunong'ona ni kupumzisha sauti, lakini mtu anaponong'ona kwa nguvu huibana misuli ya kikoromeo, na kidonda kibichi hakihitaji hilo. Kujikohoza ili kusafisha koo ni kubaya zaidi, kwani nyuzi hupigana kwa kishindo. Meza mate au unywe maji kidogo badala yake. Usibebe mtungi wa maji wala gunia, maana mtu anaponyanyua kitu kizito hufunga nyuzi zake kwa nguvu bila kujua. Kaa mbali na moshi wa kuni na takataka zinazochomwa, na chakula cha jioni kiliwe mapema, kwa sababu anayelala tumbo likiwa limejaa ugali na samaki huamka na asidi kooni, nayo huchelewesha kupona.

Sauti hurudishwa kidogo kidogo. Mimi nilianza kwa kuguna midomo ikiwa imefungwa, kisha zoezi la mrija, ambalo mtu huingiza mrija ndani ya glasi ya maji na kutoa sauti huku akipuliza mapovu. Zoezi hili huzifanya nyuzi zikutane bila kugongana kwa nguvu, na wanangu walilipenda kuliko mimi. Wataalamu wa usemi ni wachache katika kaunti zetu, kwa hiyo panga vikao vyako kabla ya upasuaji badala ya kuanza kumtafuta mtaalamu baadaye. Fuatilia pia jibu la maabara mpaka ulishike mkononi, na uombe nakala ya taarifa ya upasuaji uitunze, kwa sababu daktari atakayekutazama mwaka ujao huenda akawa mwingine.

Kwa mwalimu, barua ya daktari isitaje siku za mapumziko peke yake. Iseme wazi kwamba atakaporudi apewe vipindi vichache kwa wiki za mwanzo na asiwekwe kusimamia paredi wala michezo. Darasa langu lina watoto wengi na bati linalonguruma mvua inaponyesha, na hapo nimejifunza kugonga meza, kupiga makofi kwa mdundo ambao wanafunzi huujibu, na kuvaa kipaza sauti kidogo chenye spika ya kiunoni, ambacho naona ni fedha iliyotumika vyema kuliko dawa zote za kumung'unya. Kuhusu matanga, familia inayonialika sasa huambiwa masharti mapema: kipaza sauti kijaribiwe kabla ya ibada, mafuta ya jenereta yawepo ya akiba, na umeme ukizimika msemaji wa familia ataendelea mwenyewe mpaka urudi.