Fomu ya ruzuku inataka ajira 20, nasi hatuzifikii: nijaze ngapi?

SWALI: Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama wanaokausha omena huko Seme, Kisumu. Kaunti ilitupa ruzuku ya kujenga vichanja na kununua mashine ya kufungasha. Kabla ya awamu ya pili lazima tujaze fomu ya ajira tulizozalisha. Pendekezo letu liliahidi 20, lakini wanaokuja kila siku ni watatu, na vibarua tisa huitwa mzigo ukiwa mwingi. Afisa anasema tuandike 20 tu, kila kikundi hufanya hivyo. Fundi wa mashine naye yuko tayari kutuandikia risiti ya juu ili kinachobaki kiwaendee "waliotusaidia". Saini ni yangu. Nifanyeje?

JIBU: Dada, usiandike 20, wala usiipokee hiyo risiti. Kazi yangu ni kukagua hesabu za miradi kama wenu, na kwangu mambo haya mawili ni shauri moja. Kikundi kikishaandika watu wasiokuwepo, hakina tena mdomo wa kumkatalia fundi wala afisa, kwa sababu wote wanaijua siri yake.

Tuanze na ajira, maana hapo wengi huteleza bila nia mbaya. Usihesabu kila aliyewahi kupita kichanjani. Hesabu siku zilizofanyiwa kazi na kulipwa. Fungua daftari la mahudhurio: jina, nambari ya kitambulisho, tarehe, kazi aliyofanya, alicholipwa, na nambari ya muamala wa M-Pesa. Aliyelipwa taslimu atie saini au dole gumba siku hiyohiyo, si mwisho wa mwezi.

Tuseme wale watatu walifanya kazi siku 26 kila mmoja: siku 78. Vibarua tisa walikuja siku nane nane: siku 72. Jumla ni 150. Gawanya kwa 26, siku za mtu anayefanya kazi mwezi mzima, unapata 5.8. Basi kazi yenu ni sawa na ya watu sita wa kudumu, kasoro kidogo. Andika hivyo, na chini yake eleza kwamba kuna watatu wa kila siku na vibarua tisa. Hao vibarua wana haki ya kuonekana, ila waonekane kama vibarua.

Bado kuna kutoa. Kama mmoja wa wale watatu alikuwa anakausha omena zake siku zote kabla ya ruzuku, hiyo si ajira mpya, hata kama sasa anapata zaidi. Nyongeza ya kipato chake iandikwe kando. Vilevile, msichukue mwezi mmoja mnono mkaufanya kipimo cha mwaka. Wewe unajua kuliko mimi kwamba uvuvi wa omena ukifungwa, kwa kawaida kuanzia Aprili hadi Julai, vichanja hukaa vitupu. Jumlisha siku za miezi 12 ndipo ugawanye. Nambari itashuka, na isikutie aibu. Binafsi namwamini zaidi aliyeniletea nne na daftari kuliko aliyeniletea 20 na maneno.

Lile pendekezo lilikuwa makadirio. Fomu ni taarifa unayoitilia saini. Ambatanisha barua fupi ya kueleza kwa nini 20 hazikufikiwa, na mnategemea kufika wapi awamu ya pili ikija. Barua hiyo ipitishwe kwenye mkutano wa kikundi na kumbukumbu zake ziandikwe, ili lawama zisikuangukie wewe peke yako.

Kuhusu risiti, sina maneno mengi. Kuchukua mali ya umma kwa ulaghai ni kosa chini ya Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003, na Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayetoa sawa na anayepokea. Na hugunduliwa kirahisi mno: mkaguzi huuliza bei ya mashine ileile kwenye duka jingine, kisha hulinganisha risiti na taarifa ya benki. Mwambie fundi unataka ankara ya eTIMS, yaani ya mfumo wa kielektroniki wa KRA (Mamlaka ya Mapato Kenya), uihakiki kwa KRA, na umlipe kwa benki moja kwa moja kiasi kilekile kilichoandikwa. Piga picha ya nambari ya mashine uiweke kwenye faili.

Afisa akishikilia 20, mwombe kwa upole akupe agizo hilo kwa maandishi. Wengi huishia hapo. Asipoacha, ripoti kwa EACC, yaani Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, ambayo ina ofisi Kisumu mjini na hupokea taarifa hata bila jina lako. Sheria ya Hongo inawalinda watoa taarifa. Na wakikunyima awamu ya pili bila kueleza, andika barua ya kuomba sababu chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ya umma ina siku 21 za kukujibu. Ikikaa kimya, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Kabla ya kuwasilisha fomu, toa nakala ya kila ukurasa, na usiondoke kaunta kabla nakala yako haijapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.